Tunaazimisha Viti

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kusomea wa maktaba yetu hapa Tanga. Wengi mlikuwa kazini, wengine mlikuwa Muheza na Pangani, mkaniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, habari za asubuhi. Na nyinyi wanangu mliokaa kule dirishani na madaftari yenu, msikunje madaftari, sijaja kuwafukuza. Leo nitawasema nyinyi, kwa hiyo bakini.

Tuanze na mikono. Aliyewahi kuingia humu ndani, hata mara moja, anyooshe mkono. Naam, wote, maana wote mmo humu! Haya, mwenye kadi ya uanachama anyooshe. Mmoja, wawili, wanne… mzee yule anakuna kichwa tu, simhesabu. Saba. Sasa aliyeazima kitabu, akakibeba kwapani mpaka kwake, tangu mwaka huu uanze?

Mmeona wenyewe. Mikono miwili, na mmoja ni wa mkutubi.

Mimi nimekaa kaunta miaka 31. Watoto wa mtaani waliniita Bibi Maktaba, na tangu nistaafu jina limekataa kustaafu. Miaka ile ya kwanza nilikuwa nagonga muhuri wa tarehe mpaka kidole gumba kikaota sugu. Miaka ya mwisho sugu ikaanza kulainika. Kwa nini? Watu walipungua? Hata! Watu walizidi. Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, ukifika hapa saa tatu asubuhi huna pa kukaa, unakuta mtu kakalia ndoo ya maji. Ukumbi umejaa na muhuri umekauka. Kwa sababu tunaazimisha viti. Ndiyo kazi tuliyobaki nayo, ndugu zangu: tunaazimisha viti.

Sibezi. Najua nyumba zetu. Vyumba viwili Ngamiani, mtoto mchanga analia, redio ya jirani inapiga mpira, na mama anataka utoke barazani ili apange mikeka. Kiti chenye utulivu ni mali. Mzazi anayemwambia mwanawe "nenda maktaba" amefanya la maana sana. Lakini nisikilizeni.

Palikuwa na kijana mmoja wa kidato cha nne. Alikuja kila siku, miezi mitatu, kiti kile kile, cha pili kutoka ukutani. Mezani ana bunda la karatasi zilizotolewa kopi, zimefifia mpaka herufi zimekuwa kama sisimizi. Siku moja nikapita na ufagio, nikachungulia. Ulikuwa uchambuzi wa riwaya ya Kiswahili: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, matumizi ya lugha. Kaukariri wote. Nikamuuliza, "Baba, riwaya yenyewe umeisoma?" Akanitazama kama nimemuuliza amekula nini mwaka juzi. "Hatuna kitabu, bibi. Mwalimu ametupa noti."

Ndugu zangu, kitabu kilikuwa nyuma yake. Nyuma ya kichwa chake, nakala mbili, rafu ya tatu kutoka chini. Miezi mitatu kakiegemea. Kama angenyoosha shingo kama mtu anayepiga miayo, kisogo chake kingekigusa.

Nikakichomoa, nikamwekea mezani juu ya noti zake. Alikisoma alasiri mbili. Ya pili akaja kaunta amekunja uso, nikadhani kuna ukurasa umechanwa, maana hayo nayo tunayo. Akasema, "Bibi, mbona uchambuzi hausemi kwamba kinachekesha?"

Mtu alijua dhamira ya kitabu kabla hajajua kwamba kinachekesha. Nani wa kulaumiwa? Simlaumu mwalimu, darasa lake nalijua lina watoto wangapi. Najilaumu mimi. Nilipita na ufagio siku ngapi kabla sijachungulia?

Basi, kwa kuwa nimeshasimama, nitawaambia siri ya rafu zetu, na haitachukua dakika tano. Mkiangalia mgongo wa kila kitabu kuna karatasi nyeupe yenye namba. Watu wengi wanaiogopa ile namba, wanadhani ni ya ofisi. Ile ni anwani, kama Barabara ya 7 au ya 12 kule Ngamiani: ukijua barabara, nyumba utaipata. Kilimo na mifugo kinaanzia 630. Mtu wa machungwa wa Muheza aanzie hapo. Afya na dawa, 610. Sheria, 340. Sarufi na kamusi za Kiswahili ziko 496.392, na hadithi, riwaya na mashairi ya Kiswahili yako 896.392. Semeni na mimi: 896.392. Tena! Hiyo mkiishika mtaingia maktaba yoyote inayotumia mpangilio huu, Moshi, Mwanza au ughaibuni, na mtakuta Kiswahili kinawasubiri palepale.

Na ukisahau namba? Uliza. Mkutubi analipwa kwa hilo. Hakai pale kulinda vitabu visiibwe, ingawa najua nyuso zetu wakati mwingine zinasema hivyo. Katika hilo tuna kosa. Tumekaa kama maaskari, watu wakatuona maaskari.

Nije kwenye jambo la pili, na hili ndilo hasa lililonifanya nikubali kupanda hapa na magoti haya.

Watu wanadhani maktaba ni ya wanaosoma. Wakisema "wanaosoma" wana maana ya wanafunzi. Sasa mimi nauliza, fundi cherehani hana maswali? Mvuvi hana maswali? Anayeuza vitumbua hana maswali?

Alikuja mama mmoja, saa sita mchana, jua la Februari lile la kukausha dagaa. Ndoo yake ya vitumbua kaiacha mlangoni, kaifunika kwa khanga. Akanijia kwa kunong'ona: "Mwanangu, humu mna kitabu cha nyumba?"

Nikasema kipo, tena vipo. Nikampeleka kwenye ujenzi, 690. Nikamfungulia picha za kenchi, za msingi, za paa la bati. Akafunua kurasa taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokipenda. Mwisho akasema, "Si hii." Nikamwambia, mama, kaa, hebu niambie nyumba imekuwaje. Akakaa. Akashika pindo la khanga, akaliachia, akalishika tena. Ndipo likatoka: mumewe amepata mnunuzi. Nyumba waliyojenga pamoja, matofali mengine kayabeba mwenyewe kichwani, inauzwa mwisho wa mwezi, na yeye kaambiwa na jirani.

Mnaona? Aliuliza kitabu cha nyumba. Kama ningebaki na ramani za paa, angeshukuru, angechukua ndoo yake, angeondoka. Hivyo wangapi wameshukuru wakaondoka? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tukaenda 340. Nikatoa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nikatafuta kifungu cha 59. Wakati ule nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiingereza, maana ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Kwa hiyo nikamfasiria palepale, kwa sauti ya chini, kidole juu ya mstari: nyumba ya wanandoa, hata kama imeandikwa jina la mmoja, mmoja hawezi kuiuza, wala kuitoa zawadi, wala kuiweka rehani, ndoa ikiwa bado ipo, bila ridhaa ya mwenzake.

Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu alikuwa anaangalia kidole changu, hasikilizi tena, anataka kuona maneno yako wapi hasa. Akaniomba nimwandikie ile namba kwenye karatasi. Namba tu. Nikaandika 59, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela za mauzo.

Sikumpa ushauri, mimi si wakili, na mkutubi asijifanye wakili. Nilimwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na wapo ngazi ya chini huku kwetu, si lazima uwe na hela ya wakili. Yaliyofuata nyumbani kwake hakunisimulia, nami sikuuliza. Ila nilikula vitumbua vya bure mwaka mzima, na nilinenepa.

Kwa hiyo nasema tena: uliza. Uliza hata kama swali hujalipanga. Uliza vibaya, tutalipanga pamoja.

Na ule ubao wa matangazo pale mlangoni, ambao mnaupita kama mnapita nguzo ya umeme, hebu siku moja simameni mbele yake. Kijana wako amemaliza kidato cha sita, anataka mkopo wa chuo. Je, unajua kwamba Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo? Unajua, lakini unajua siku dirisha linapofungwa, ndipo unakimbia stendi kutafuta basi. Tangazo linakuwa limebandikwa pale wiki kadhaa. Ratiba ya chanjo za watoto inabandikwa pale. Nafasi za kazi zinabandikwa pale. Hata mkutano wa mtaa, ambao mkishaukosa mnakuja kulalamika kwangu kana kwamba mimi ni mwenyekiti. (Matangazo ya "mikopo ya haraka bila dhamana" hubandikwa usiku na watu nisiowajua. Nikiwa kazini nilikuwa nayabandua asubuhi kwa kisu cha siagi, na bado nikipita nayabandua.)

Msidhani hili la kutangaziana habari ni geni kwenu. Mji huu ulikuwa na gazeti la Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Liliitwa Kiongozi, likichapwa hapahapa Tanga, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Serikali ile ilikuwa na yake, hatuisifu. Lakini gazeti lilisomwa. Mtu aliyeko bara huko alipata habari iliyopangwa herufi kwa herufi Tanga, kwa Kiswahili. Sisi wajukuu tuna simu za kugusa, na bado mtu anakosa siku ya chanjo.

Tuje kwenye raha. Maana mwenyekiti wa mkutano aliniambia, "Bibi, usiwasute tu, wape na vitabu vya kusoma." Nitawapa, lakini kwa njia yangu. Sipendi orodha. Ukimpa mtu majina ishirini hasomi hata kimoja. Nitawaambia nani nilimpa nini.

Kuna kikundi cha kina mama wa vikoba, wanakutana Alhamisi. Nimewaona wawili hapa, msijifiche. Walikuwa wanapenda taarabu kuliko mikopo yenyewe. Nikawapa wasifu wa Siti binti Saad aliouandika Shaaban Robert. Jamani, Shaaban Robert ni wa kwetu! Kazaliwa Vibambani mwaka 1909, kalala Machui, hapo tu. Watu wanatoka vyuo vya mbali kuja kuliona kaburi lake, na sisi tunapita na daladala tunatazama simu. Basi kitabu chenyewe ni chembamba, na kinamhusu binti wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu, ambaye mwaka 1928 alipanda meli mpaka Bombay kutia sauti yake kwenye santuri. Wale kina mama wakaweka sheria yao: kabla ya kuhesabu hisa, kurasa tatu. Mmoja anasoma, wengine wanachambua mchele. Mweka hazina akaniambia mahudhurio yamepanda. Hata faini za kuchelewa zimepungua, mpaka mfuko wa jamii ukapwaya kidogo, kwa hilo wakanilaumu.

Mwingine ni kijana wa bandarini, mbeba mizigo. Huyu aliingia kwa ajili ya mvua, si kwa ajili ya vitabu. Masika yale ya kumwaga. Akasimama karibu na mlango anachuruzika, anaogopa kulowesha sakafu. Nikamwambia ingia, sakafu ni saruji. Akazunguka zunguka, mikono nyuma, kama mtu aliye dukani asiye na hela. Kisha akaniuliza, nusu kwa utani, "Hamna kitabu cha watu kama sisi? Vyote ni vya wasomi." Nikampa *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mvua ikakatika, yeye bado kasimama anasoma. Nikamfungulia uanachama siku hiyohiyo.

Alichelewesha kitabu siku tisa. Kiliporudi jalada lilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta ya mashine, na ndani, mahali fulani, doa la kahawa. Nikamwuliza, wewe, umekifanya nini? Akajibu kwamba hakusoma peke yake. Alikuwa anakisoma kwa sauti kijiweni kwa muuza kahawa, zamu ikiisha, na wenzake walimkataza kurudisha kabla hawajajua mwisho. Sikumtoza kitu. Lile doa mpaka leo lipo, na kila anayeniuliza namwambia ni la heshima.

Kwa wasiopenda kitu kizito, msione haya. Kuna kisa cha upelelezi cha Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, na ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake. Kinasomeka kwenye basi kati ya hapa na Korogwe. Mzee mmoja, fundi saa, alikisoma mara nne. Nilimuuliza kwa nini nne wakati muuaji anamjua. Akasema yeye hafuati muuaji, anafuata jinsi wanavyozungumza.

Sasa kuna kitabu kimoja ambacho nikikisema sauti yangu inabadilika, mtanisamehe. Kinaitwa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Aliyekiandika ni Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, kisiwani, Ziwa Victoria. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Kinasimulia mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu wa mume wanasema mwache, oa mwingine. Wazazi wa mke wamemchukua binti yao. Na mume anakataa kumwacha. Anakwenda ukweni kumwomba arudi, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuipata. Kinaenda polepole. Wanalima, wanavua, wanapika, wanaagua, wanasalimiana, tena salamu zote kazitia. Kitereza alitaka mila zile zisipotee.

Mwaka 1945, nimesema. Hakikupata mchapishaji wa Kikerewe. Akakaa, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kizima, mzee mzima. Kikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House. Hesabuni: miaka 35. Na mwaka 1981 akafariki, nakala za kitabu chake zikiwa hazijamfikia mkononi.

Kipo hapa. Nilikuwa nakipangusa vumbi kila mwezi. Nilimpa mara moja mume na mke waliokuwa wanakuja humu kusoma magazeti, miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na mtaa wote ulikuwa unajua. Sikusema neno, niliweka tu kitabu juu ya gazeti. Walikuwa wanakuja wanakisoma pamoja, yeye anafunua, mwenzake anasubiri. Hayo tu. Sina mwisho wa kisa hicho, walihamia Handeni.

Nigusie watoto, kwa haraka, maana naona jua limefika dirisha la tatu na kina mama mna sokoni.

Wazazi mnaniuliza, mtoto wangu hapendi kusoma, nifanyeje? Mimi nakuuliza, amewahi kukuona wewe unasoma? Hajui kusoma babu yake? Basi mtoto amsomee babu. Tulikuwa na mzee mmoja, hajui hata herufi ya kwanza ya jina lake, akija na mjukuu wa darasa la tatu kila Ijumaa kabla ya adhuhuri. Mjukuu anasoma, mzee anasahihisha. Anasahihisha nini na hajui kusoma? Anasahihisha Kiswahili! Mtoto akikosea kukata sentensi, mzee anasema, "Hapo hapajakaa sawa, rudi." Na kweli hapakuwa sawa.

Wakubwa mnaokumbuka miaka ya sabini mtaniunga mkono. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi, chini ya miembe na kwenye vibaraza, redio katikati na kijitabu mkononi mwa anayejua kusoma. Mimi nilikuwa binti mdogo. Kikundi cha baba yangu kilikuwa na kijitabu kimoja, na wakishasikiliza wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuhojiana dhamira, walichimba vyoo. Mpaka leo nikiona kitabu kimoja na watu kumi naona hicho kinatosha.

Sasa lawama zangu mbili, halafu nashuka.

Ya kwanza ni kwa wanaotusaidia. Wakati fulani tuliletewa maboksi ya vitabu kutoka nje, na tuliyapokea kwa shangwe na picha zikapigwa. Tukafungua. Sheria za kodi za nchi nyingine. Namna ya kuendesha gari kwenye theluji. Wanangu, theluji! Hapa Tanga, Chumbageni! Msaada tunaushukuru, lakini ukitaka kunisaidia niulize kwanza wasomaji wangu wanatafuta nini. Nitakwambia: kamusi, vitabu vya kiada vinavyoendana na mtaala wa sasa, hadithi za watoto za Kiswahili zenye picha, na sheria za nchi yetu kwa Kiswahili. Leta kumi za hizo, acha elfu za theluji.

Ya pili ni kwenu. Kuna vitabu vyetu viko majumbani kwenu. Najua. Kimoja kinashikilia mguu wa kabati, nimekiona kwa macho yangu siku ya msiba, na nikanyamaza kwa kuwa ilikuwa msiba. Rudisheni. Na mwanafunzi anayechana ukurasa wa jedwali la elementi kwa wembe, akaupeleka bwenini, ajue kwamba anayefuata ni mdogo wake.

Wageni wana msemo kuhusu mji wetu, waja leo waondoka leo. Nautamani msemo huo uwe wa vitabu. Vije, viondoke, virudi na madoa ya kahawa. Nchi hii ilitunga sheria ya maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, wakati hata barabara hatukuwa nazo. Maktaba Kuu pale Dar es Salaam Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku yenyewe ya Uhuru, hakuichagua kwa bahati mbaya. Sasa sisi tumeigeuza ukumbi wa kungojea mtihani. Nyinyi wa dirishani, nawapenda, kaeni. Ila leo kabla hamjaondoka kila mmoja ageuke, atazame kilichopo nyuma ya kiti chake, anitajie. Nitasubiri pale mlangoni.

Nimemaliza. Kama kuna swali, na nimewaomba maswali asubuhi nzima, karibuni. Naona mkono kule nyuma. Mzee wangu, shikamoo, sema, usiogope kipaza sauti.

Anauliza kama tuna kitabu cha kuunda ngalawa.

Mmesikia? Tangu asubuhi anakuna kichwa, nikadhani anawashwa! Mzee, wewe si ndiye fundi wa ngalawa kule ufukweni? Unataka kitabu cha nini na unajua? … Aa. Anasema anataka kuona kama waliomwandika wamemwandika sawasawa.

Vyombo vya majini viko 623. Sijui kama tunacho, mzee wangu, na vingi vitakuwa vya meli za chuma. Twende tukaangalie. Na wewe baba wa kiti cha pili kutoka ukutani, chukua daftari lako na kalamu, utufuate. Kama hakipo, mzee ataanza na mti anaouchagua, nawe utaandika.